Palau: Blue Corner, Ulong, German Channel au Peleliu? Namna ya kuchagua pa kuzamia

Ukipanga kuzamia Palau, anza na jedwali la maji kujaa na kupwa, ndipo uangalie majina ya mahali. Papa utawaona karibu kila upande, kasa vilevile, na matumbawe ya magharibi yanapendeza kuanzia kina cha mita mbili. Lakini Blue Corner ya asubuhi maji yakijaa na Blue Corner ya mchana maji yakiwa yamelala ni sehemu mbili tofauti kabisa. Anayechagua kwa sifa peke yake anaweza kulipa pesa nyingi, akasafiri nusu ya dunia, akafika kwenye mwamba unaosifiwa kote na kukuta samaki wametawanyika. Mwenzake aliyemsikiliza nahodha, akapelekwa mahali ambapo hata jina lake hakuwahi kulisikia, anapanda botini akiwa hana la kusema kwa mshangao.

Naandika kwa ajili ya mtu ambaye tayari ana cheti, aliyejifunza pengine Nungwi, Diani au Mafia, na sasa anataka kutumia akiba yake kwa safari moja kubwa ya Pasifiki. Kutoka Afrika Mashariki utaunganisha ndege zaidi ya mara moja, kupitia Ghuba na Asia, au kuzunguka hadi Guam. Ukishafika utakuwa na siku tano au sita za kuwa majini. Kila siku iwe na sababu yake.

Maji yanavyofanya kazi

Palau ni visiwa mia kadhaa vilivyo magharibi mwa Pasifiki, mashariki ya Ufilipino, na watu wake ni kama 18,000. Wengi wanaishi Koror, na boti nyingi za kuzamia huondokea hapo. Kusini ya Koror kuna Rock Islands, vilima vya mawe ya chokaa vilivyofunikwa na msitu, vikiwa vimesimama ndani ya wangwa mpana. UNESCO iliuingiza wangwa huo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2012. Upande wa magharibi unazungukwa na mwamba mrefu wa matumbawe wenye milango michache. Maji yakijaa, bahari kuu huingia kwa nguvu kupitia milango hiyo, yakiwa safi na ya buluu. Yakipwa, maji ya ndani hutoka na ukungu wake wa mchanga.

Mtu wa Pwani anayajua haya tangu utotoni: bamvua lina nguvu, maji mafu hayana. Palau nayo maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na mkondo ndio unaowaita papa. Maji yanayoingia huleta vijiumbe vinavyoelea, samaki wadogo hutoka mwambani kuvila, kolekole na mzia huwafuata wadogo, na papa hukaa ukingoni wakisubiri. Mkondo ukisimama, karamu inavunjika.

Kwa hiyo kabla ya kulipia, iulize kampuni mambo mawili: siku ulizochagua zinaangukia mwezi gani, mpevu, mwandamo au nusu, na boti inapangaje saa zake kufuata maji. Kampuni inayojibu kwamba huondoka saa tatu kila siku na kwenda sehemu zilezile bila kujali maji, itoe kwenye orodha yako.

Blue Corner au Ulong Channel?

Hili ndilo swali linaloulizwa kuliko yote, na jibu lake hubadilika kulingana na mtu.

Blue Corner iko Ngemelis, kati ya dakika 45 na saa moja kwa boti kutoka Koror. Mwamba hapo unajitokeza kuelekea bahari kuu kwa umbo la pembetatu. Juu ni tambarare ya mita 15 hivi, na kingo zake zinaporomoka wima hadi kina ambacho mzamiaji hana kazi nacho. Unashuka ukutani, mkondo unakusogeza hadi ukingoni, unachomeka kulabu yako, ndoano yenye kamba iliyofungwa kwenye jaketi lako la kuzamia, kwenye jiwe lililokufa, unatia hewa kidogo kwenye jaketi hilo, na kamba inakushika ukiwa umetandazwa ndani ya maji kama tiara. Hapo kazi yako imekwisha. Papa wa kijivu wanasimama mbele yako dhidi ya mkondo, karibu bila kutikisa mkia. Mzia wanapita kwa kundi moja refu. Samaki Napoleoni, mwenye nundu kichwani na midomo minene, huja karibu kuliko ulivyotazamia, anakutazama kwa jicho linalozunguka, kisha anaondoka kwa wakati wake mwenyewe. Maji yakiwa sawa, sijui mahali pengine ambapo uhai mwingi kiasi hicho unapita mbele ya mtu aliyetulia tu.

Ugumu wake hauonekani kwenye picha. Kuchomeka kulabu huku mkondo unakusukuma ni ufundi: una sekunde chache za kuona jiwe lisilo na uhai, kulishika kwa ncha na kuachia kamba taratibu. Anayekosa hupitiliza tambarare, na kundi zima linaweza kulazimika kumfuata. Halafu kuna hewa. Mtu anayeogopa papa, anayepigana na mkondo na kukodolea macho kipimo kwa wakati mmoja humaliza mtungi upesi sana. Ukingoni maji nayo wakati mwingine hugeuka na kushuka kufuata ukuta. Kiongozi mzoefu huona dalili kwenye mwelekeo wa samaki na mapovu, lakini macho mageni hayaoni. Na mbizi inapokwisha unaachia kulabu, unapelekwa juu ya tambarare hadi kwenye maji ya buluu yasiyo na mwamba wala sakafu, na hapo hapo unatakiwa ufanye kituo cha usalama cha dakika tatu kwenye mita tano ukiwa unaelea. Asiyeweza kubaki kwenye mita tano bila kushika kitu ajizoeze kwanza kwingine. Hili nalisisitiza kwa sababu Open Water, cheti cha kwanza cha uzamiaji, inakuruhusu kufika mita 18, na Blue Corner kwa hesabu ya kina pekee inaingia humo, hivyo wapo watakaokubeba bila kukuuliza lolote.

Ulong Channel, ambayo Wapalau huiita Ngerumekaol, iko karibu na kisiwa cha Ulong. Mwaka 1783 meli Antelope ya Kampuni ya Uingereza ya India Mashariki, chini ya nahodha Henry Wilson, iligonga mwamba karibu na kisiwa hicho, na mabaharia wake wakaunda chombo kingine ufukweni kwa msaada wa Wapalau. Kula chakula cha mchana kwenye mchanga huo kati ya mbizi mbili ni jambo linalofaa kupangwa.

Mbizi yenyewe huanza nje, ukutani. Maji yakijaa, unafika mdomoni mwa mlango wa bahari, na papa wamekusanyika hapo kwa sababu ileile ya Blue Corner. Unachomeka kulabu, unawatazama kwa dakika kumi au kumi na tano. Kisha unaachia, na mkondo unakubeba ndani: kuta za matumbawe pande mbili, mchanga mweupe chini, kina cha mita 10 hadi 15, huhitaji kupiga hata pezi moja. Njiani kuna kichaka kikubwa cha matumbawe ya umbo la majani, tabaka juu ya tabaka, na samaki wekundu wenye macho makubwa wamejificha katikati yake. Kuna chaza wakubwa wenye midomo ya buluu na kijani. Kuelekea katikati ya mwaka chewa hukusanyika kwenye mlango huu kutaga mayai, na uvuvi wa hapo umezuiwa kwa miaka mingi. Kabla ya sheria za serikali wazee wa Palau walikuwa na desturi iitwayo bul, ya kufunga eneo la bahari kwa muda ili samaki wapumzike, na kwa maoni yangu ukitaka kuelewa kwa nini bahari hii bado imejaa, anza hapo.

Papa wa Ulong kwa kawaida si wengi kama wa Blue Corner, na Napoleoni ni wachache. Lakini ukichoka kushikilia kamba, Ulong inakusamehe: unaachia mapema kidogo na mkondo unakupeleka mahali palepale pazuri. Blue Corner ukiachia mapema, mbizi imekwisha. Ulong ina sharti moja kali, nalo ni maji kujaa. Yakiwa yanapwa, mkondo unatoka nje na utaona vumbi.

Uamuzi wangu: mwenye uzoefu mdogo, ambaye bado anafikiria kuhusu kuelea kwake, achukue Ulong kwanza, na akitoka akiwa na hewa ya kutosha na amefurahi, aende Blue Corner siku ya tatu au ya nne. Aliyezoea mikondo ya Pemba, ya kushuka kwa kasi kwenye maji ya buluu na kubebwa kufuata ukuta, anaweza kuanza na Blue Corner. Na kama una nafasi ya kurudia mahali pamoja tu katika safari nzima, rudia Blue Corner, kwa sababu ndipo panapobadilika zaidi siku hadi siku.

German Channel au Peleliu?

Hizi mbili hazifanani kwa lolote isipokuwa kwamba zote huwa kwenye orodha ya siku ya tatu, na watu hulazimika kuacha moja.

German Channel ilichimbwa na Wajerumani walipoitawala Palau, mwanzoni mwa karne ya 20, ili meli zilizobeba fosfeti kutoka kisiwa cha Angaur zipate njia ndani ya mwamba. Leo inajulikana kwa manta, samaki bapa wakubwa wa jamii ya taa. Kwenye mdomo wake kuna vilima vidogo vya matumbawe vilivyosimama juu ya mchanga, na samaki wadogo wa hapo huwasafisha manta kwa kula vimelea na ngozi iliyokufa. Manta anafika, anapunguza mwendo juu ya kilima, anatulia, wasafishaji wanaingia hadi mdomoni na kwenye matamvua yake. Wewe unakaa chini kwenye mchanga, mbali kidogo, kwenye kina cha mita 15 hadi 20, unasubiri.

Neno ni hilo: unasubiri. Kuna mbizi ambazo hawaji kabisa. Desemba hadi Machi ndiyo miezi ya kuwategemea zaidi, ingawa huonekana mwaka mzima. Ukiwafuata, wanaondoka, na hawaondoki kwako peke yako, wanawakimbia wote waliokaa kwa subira. Nimeona hasira za kweli botini kwa sababu ya mtu mmoja mwenye kamera. Wakati wa kusubiri tazama mchanga: mikunga wadogo wa bustani wametoka nusu mwili kwenye mashimo yao, mamia, wanayumba pamoja na mkondo, na wanarudi chini wote kwa mpigo ukisogea. Mkondo wa hapa kwa kawaida ni wa kumbeba hata mgeni.

Peleliu ni kinyume chake. Iko kusini, mbali zaidi na Koror, ambapo mwamba unakoma na bahari kuu inakutana na kisiwa bila kizuizi. Sehemu za ncha ya kusini, Peleliu Cut na Peleliu Express, zina mkondo unaoweza kuongezeka ghafla ukiwa chini, na kushuka kufuata ukuta. Samaki ni wakubwa na wengi, papa wanakaa juu ya ukingo kwa makundi, na siku njema wazamiaji wazoefu wanapaona kuwa bora kuliko Blue Corner. Siku mbaya ni mbaya kweli. Mwaka 1994 kundi la wazamiaji kutoka Japani pamoja na kiongozi wao lilichukuliwa na bahari karibu na Peleliu, na wote walipoteza maisha. Tangu nijue habari hiyo sijawahi kushuka mahali popote bila puto la kuashiria, kioo kidogo na filimbi kwenye jaketi langu, na ningependa kila anayesoma hapa afanye vivyo hivyo hata kwenye maji anayoyaita mepesi. Boti ya Peleliu iwe na mtu anayebaki juu akifuata mapovu, asiyevua samaki wala kulala.

Siku ya Peleliu ina upande wa nchi kavu pia. Mapigano yaliyoanza 15 Septemba 1944 na kwisha mwishoni mwa Novemba mwaka huohuo yaliua zaidi ya Wajapani 10,000 na Wamarekani karibu 2,000 kwenye kisiwa kidogo mno. Mapango, vifaru vilivyooza na mabaki ya majengo ya kijeshi bado yapo, na makampuni mengi huunganisha mbizi mbili na ziara fupi ya kisiwani. Ikiwa bahari imekataa siku hiyo, ziara peke yake inastahili safari.

Mwenye familia iliyo na uzoefu tofauti tofauti achague German Channel, kwa sababu wote wanaweza kukaa kwenye mchanga mmoja na kuona kitu kimoja. Peleliu iachwe kwa kundi la watu wanaolingana, katika siku ambayo maji si ya bamvua kali, na kiongozi awe amekuona ukizamia kwa siku mbili kabla. Kampuni inayokubali kukupeleka Peleliu siku yako ya kwanza haijakufanyia hisani.

Ndani ya mwamba

Wengine wanapenda mapango. Palau inayo mawili yanayolinganishwa mara nyingi, na mimi nayaona kama mambo mawili mbalimbali.

Blue Holes iko jirani kabisa na Blue Corner: mashimo manne wima yanayoanzia juu ya mwamba, karibu na uso wa maji, yakishuka hadi ukumbi mkubwa wenye mlango wa kutokea ukutani kwenye mita 25 na zaidi. Jua likiwa juu, miale inapita kwenye mashimo na kufika sakafuni. Kwenye kuta kuna chaza wadogo ambao kingo za midomo yao hung'aa na kupepesa kwa haraka. Hiyo mita 25 inahitaji cheti cha Advanced Open Water, kinachofuata Open Water, au walau kiongozi anayekushusha kwa hatua. Ndani kabisa kuna pango jingine lenye giza, na watu wameshafia humo. Usiingie bila mafunzo ya mapango, hata kama kiongozi anakuashiria kwa tochi. Mbizi nyingi hutoka Blue Holes na kuendelea kufuata ukuta hadi Blue Corner. Ni safari nzuri, ila utafika kwenye papa ukiwa umeshakula sehemu kubwa ya hewa, kwa hiyo kama Blue Corner ndiyo uliyoifuata Palau, zigawe ziwe mbizi mbili.

Chandelier Cave iko dakika chache tu kutoka bandari ya Malakal, Koror. Vyumba vyake vinapangana kwa mstari, na kina chake hakifiki mbali na mita 10. Vyumba vingi vina nafasi ya hewa juu: unachomoza kichwa, unatoa kifaa cha kupumulia mdomoni na kuvuta hewa inayopenya kwenye nyufa za mawe, huku michirizi ya chokaa ikining'inia juu yako. Maji ni safi sana mpaka mtu wa mbele atifue tope kwa mapezi yake. Nje, kwenye mawe ya kina kidogo, jioni hutokea samaki mandarini, wadogo, wenye rangi ambazo kamera haziwezi kuzitosheleza. Pango hili halitegemei mkondo wala mawimbi, kwa hiyo ndilo la siku ambayo upepo umefunga magharibi yote. Anayeogopa kufungiwa aliache bila aibu.

Vyombo vilivyozama

Tarehe 30 na 31 Machi 1944 ndege za Marekani zilishambulia meli za Japani zilizokuwa zimetia nanga Palau, na nyingi zikazama ndani ya wangwa. Iro, meli ya mafuta yenye urefu wa mita 140 na zaidi, ndiyo maarufu. Imesimama wima, mzinga bado uko mbele, na pua yake ina tundu la kombora la nyambizi lililoipata siku chache kabla. Sitaha iko kwenye mita 25 hivi, na sakafu ya bahari karibu mita 40. Ni mbizi ya naitroksi, yaani hewa iliyoongezwa oksijeni, na ya kompyuta ya kuzamia inayoangaliwa mara kwa mara, na mwonekano wake ni mdogo kuliko wa nje kwa sababu maji ni ya ndani ya wangwa.

Ndege ya baharini ya Kijapani inayoitwa Jake iko kwenye mita 13 au karibu na hapo, na imebaki karibu nzima: mabawa, injini, sehemu ya rubani. Inatosha dakika ishirini, na hata mtu mwenye cheti cha jana anaifurahia. Ukipenda historia, tumia nusu siku: Iro kwanza, kisha Jake. Usipopenda, usijilazimishe kwa kuwa wengine wanakwenda.

Hoteli Koror au kulala botini?

Bei hutofautiana sana, lakini ulinganisho wa msingi uko hivi. Ukilala Koror, unaamka, boti inakwenda karibu saa nzima, mnazamia mara mbili au tatu, mnarudi jioni. Una nafasi ya kupumzika siku moja bila hasara, unakula mjini, na mwenzako asiyezamia hakai akikungoja. Ukilala kwenye meli ya wazamiaji, uko kando ya mwamba saa zote. Meli inaweza kukushusha Blue Corner saa kumi na mbili na nusu asubuhi ikiwa maji yanajaa saa hiyo, au Ulong alasiri boti za mjini zikiwa zimeshaondoka. Kwa mahali ambapo saa ya maji ndiyo kila kitu, hiyo ni faida isiyopatikana kwa njia nyingine yoyote. Inagharimu zaidi, na mbizi nne kwa siku huchosha mwili.

Ningesema hivi: aliyezoea mikondo na anayesafiri peke yake achukue meli. Wengine wote wakae Koror, lakini wachague kampuni inayokubali kuondoka mapema au kuchelewa kufuata maji.

Majira yanayopendwa ni kuanzia Novemba hadi Mei, upepo ukiwa mwema na mvua ikipungua. Maji ni ya joto mwaka mzima, karibu nyuzi 28 hadi 30, suti nyembamba inatosha. Palau iko kwenye latitudo ya 7 kaskazini, na vimbunga havipiti mara nyingi, ila Bopha ya Desemba 2012 iliharibu vibaya matumbawe ya upande wa mashariki.

Sheria na malipo

Serikali ya Palau imekuwa kali kwa bahari yake kuliko nchi nyingi kubwa. Mwaka 2009 ilitangaza eneo lake lote la bahari kuwa hifadhi ya papa, ya kwanza duniani kwa ngazi ya nchi. Tarehe 1 Januari 2020 ilifunga asilimia 80 ya eneo lake la kiuchumi la bahari kwa uvuvi wa kibiashara, na siku hiyohiyo ikaanza marufuku ya losheni za jua zenye kemikali zinazodhuru matumbawe. Unaweza kukaguliwa, kwa hiyo nunua inayofaa kabla ya kusafiri, au vaa fulana ya mikono mirefu, ambayo ni bora kuliko losheni yoyote. Kuanzia Desemba 2017 kila mgeni hugongewa kwenye pasipoti kiapo kilichoandikwa kwa ajili ya watoto wa Palau, na anakitia saini mbele ya ofisa. Mimi nakiheshimu kiapo hicho. Ukigusa tumbawe ukiwa umeshasaini, umevunja ahadi yako kwa mtoto wa mwenye nyumba.

Kuna ada ya mazingira ya dola 100 za Marekani inayounganishwa na tiketi ya ndege, na juu yake vibali vya jimbo la Koror kwa Rock Islands. Kibali cha kawaida kimekuwa dola 50, na chenye kuingia Jellyfish Lake dola 100. Peleliu ni jimbo jingine na lina kibali chake. Ulizia viwango vya msimu wako, viingize kwenye bajeti mapema, na usimnung'unikie mtu wa boti, si yeye anayezipanga.

Mpangilio wa siku sita

Siku ya kwanza mwili umechoka na safari. Chagua ukuta wa Big Drop-off, Ngemelis, ambapo mwamba unaanza chini ya mita moja na kuporomoka mamia ya mita: utarekebisha uzito, utapima hewa yako, na kiongozi atakujua. Siku ya pili Ulong, ikiwa maji yanajaa kwa saa inayofaa, vinginevyo German Channel. Siku ya tatu Blue Corner asubuhi na German Channel mchana. Siku ya nne iache wazi: Peleliu kwa anayeiweza, Iro na Jake kwa mpenda historia, Chandelier Cave kama bahari imechafuka. Siku ya tano rudi ulikopenda zaidi.

Siku ya sita usivae mtungi. Baada ya mbizi za siku nyingi unahitaji angalau saa 18 kabla ya kupanda ndege, na saa 24 ni bora. Hiyo ndiyo siku ya Jellyfish Lake, Ongeim'l Tketau kwa Kipalau, kwenye kisiwa cha Mecherchar. Konyeza wa dhahabu wa humo wanaishi na vimwani ndani ya miili yao, wanafuata jua kutoka upande mmoja wa ziwa hadi mwingine kila siku, na mchomo wao ni dhaifu kiasi kwamba watu wengi hawausikii. Mitungi imekatazwa kabisa: chini ya mita 15 hivi ziwa lina tabaka la maji yenye sumu ya salfaidi ya haidrojeni, na mapovu yanawadhuru konyeza wenyewe. Unaogelea na barakoa na mrija, bila kupiga mapezi kwa nguvu. Mwaka 2016, ukame ulipobadilisha maji ya ziwa, konyeza walikaribia kutoweka, na wamerudi baadaye. Idadi yao hupanda na kushuka, hivyo uliza Koror hali ikoje kabla ya kulipia. Wakiwa wengi, nunua kile kibali cha dola 100 tangu siku ya kwanza, kwa sababu kinatumika pia kwa Rock Islands na hutalipa mara mbili.